Boriti ya Zege Inapogoma Kwenye Programu: Namna ya Kutafuta Kosa Kabla ya Kuongeza Kina

Umemaliza modeli ya jengo la ghorofa nne, umebonyeza kitufe cha usanifu, na boriti kadhaa zimetokea nyekundu. Kwenye ETABS, programu ya kuchambua na kusanifu majengo, zimeandikwa O/S, yaani zimezidiwa nguvu. Kwenye programu nyingine ujumbe unasema nondo zimezidi kiwango au zege halihimili mkato. Wengi wetu hapo mkono unakimbilia ukubwa wa boriti: 500 inakuwa 600, 600 inakuwa 750, mpaka wekundu uishe. Boriti imepita, lakini kosa lililosababisha wekundu bado limo kwenye modeli, na sasa ni gumu zaidi kulipata kwa sababu hakuna kinacholionyesha.

Ninachosisitiza katika mwongozo huu ni kitu kimoja: usiguse ukubwa wa boriti kabla hujajua kani iliyoiangusha imetoka wapi. Mara nyingi boriti yenyewe haina tatizo. Tatizo liko kwenye mzigo uliohesabiwa mara mbili, kwenye nodi (sehemu boriti inapokutana na nguzo) isiyoshikana, au kwenye kisanduku kimoja cha mipangilio ambacho hakuna aliyekifungua.

Hesabu zilizomo humu ni za Eurocode 2, kanuni ya Ulaya ya usanifu wa zege. BS 8110, kanuni ya zamani ya Uingereza, iliondolewa rasmi huko mwaka 2010, ingawa ofisi nyingi za Tanzania na Kenya bado zinaitumia. Njia ya kutafuta kosa ni ileile, namba ndizo zinazobadilika.

Hatua ya 1: Soma ujumbe wote, usiishie kwenye rangi

Bofya boriti, fungua maelezo yake, na andika mambo manne kwenye karatasi: ni ukaguzi gani umeshindwa (kupinda, mkato, msokoto au mbonyeo, yaani kushuka kwa boriti), ni mchanganyiko gani wa mizigo ulioleta hali hiyo, ni sehemu gani ya boriti, na kani ni kiasi gani. Bila hayo manne unabahatisha.

Aina ya ujumbe ina maana. Ukiambiwa nondo zimezidi kiwango, kwa kawaida zimevuka asilimia 4 ya eneo la zege, kikomo ambacho BS 8110 na Eurocode 2 zote zinacho. Ukiambiwa mkato umezidi uwezo wa juu kabisa, fahamu kwamba kuongeza ringi, yaani nondo nyembamba zinazozungushwa kwenye nondo kuu, hakutasaidia: zege lenyewe, kati ya ufa na ufa, ndilo linalopondeka. Kwa zege la C25/30 (nguvu ya 25 N/mm² kwa silinda, 30 kwa mche), Eurocode 2 inaruhusu mkazo wa mkato wa takriban 3.1 N/mm² pembe ya ufa inapokuwa ya kulala, hadi 4.5 N/mm² inapofika nyuzi 45. Kwa BS 8110 kikomo ni 0.8 mara kipeuo cha pili cha nguvu ya zege, au 5 N/mm², kilicho kidogo kati ya hivyo viwili.

Hatua ya 2: Ipigie boriti hesabu ya mkono

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Inachukua muda mfupi tu. Tuchukue boriti ya kawaida ya ofisi: upana mm 250, kina mm 500, urefu wa mita 6 kati ya nguzo na nguzo, inabeba slabu ya mm 150 yenye upana wa mita 4, yaani mita 2 kila upande.

Slabu ina uzito wa 0.15 × 25 = 3.75 kN/m². Weka 2.5 kwa ajili ya vigae, plasta na kuta nyepesi, jumla 6.25. Zidisha kwa mita 4 upate 25 kN/m. Ongeza shina la boriti lililo chini ya slabu, 0.25 × 0.35 × 25, ambalo ni karibu 2.2. Mzigo wa kudumu unakuwa 27.2 kN/m. Mzigo wa matumizi ni 2.5 × 4 = 10 kN/m. Mzigo wa usanifu, ukiweka vizidisho vya usalama, ni 1.35 × 27.2 + 1.5 × 10, yaani 51.7 kN/m.

Ikiwa boriti imekaa tu juu ya maegemeo yake bila kushikwa, momenti ya katikati ni 51.7 × 6² ÷ 8 = 233 kNm, na mkato wa mwisho ni 155 kN. Kina cha kazi, yaani kutoka uso wa juu hadi katikati ya nondo za chini, ni 500 toa kava (zege linalofunika nondo) ya 30, toa ringi ya 8, toa nusu ya nondo ya 20, kinabaki 452. Chukua 450.

Sasa linganisha njia mbili. Ukiihesabu boriti kama mstatili wa mm 250, thamani ya K, yaani momenti gawanya kwa b × d² × fck (upana, kina cha kazi na nguvu ya zege kwa silinda), inatoka 0.184. Imevuka kikomo cha 0.167 kinachotumika kwa kawaida Uingereza, kwa hiyo zege la juu peke yake halitoshi na unahitaji nondo za mgandamizo. Ukiihesabu kama boriti ya umbo la T, kwa kuwa slabu imemwagwa pamoja na boriti, upana unaofanya kazi juu unafika mm 2,200. K inashuka hadi 0.021, na nondo zinazohitajika chini ni mm² 1,251. Nondo 4 za mm 20 zinakupa 1,257. Mkato nao ni 1.5 N/mm², ringi za mm 8 kila mm 250 zinatosha na chenji inabaki.

Kwa hiyo unajua mapema: boriti hii ni nzima. Programu ikikupa nyekundu hapa, usiende kwenye ukubwa. Nenda kutafuta kosa.

Hatua ya 3: Kipimo cha wL²/8

Hiki ni kipimo ambacho kila mhandisi kijana angepaswa kukizoea mpaka akifanye bila kufikiri. Boriti yenye mzigo uliosambaa sawasawa, hata ikiwa imeshikana na nguzo ngumu kiasi gani, ina sheria isiyovunjika: momenti ya katikati ukijumlisha na wastani wa momenti mbili za mwisho (bila kujali alama ya kutoa) lazima iwe wL²/8, ambapo w ni mzigo kwa mita na L ni urefu wa boriti. Ugumu wa nguzo unahamisha momenti kutoka katikati kwenda mwisho. Jumla haibadiliki.

Fungua mchoro wa momenti wa boriti yetu. Tuseme katikati unaona 110, mwisho mmoja 130 na mwingine 120. Wastani wa mwisho ni 125, jumla 235. Inalingana na 233, kwa hiyo mzigo ulioingia kwenye boriti ndio uliokusudia. Lakini ukipata jumla ya 324, kuna mzigo wa ziada wa karibu 20 kN/m umeingia bila kualikwa. Na ukipata 150, kuna kitu kingine kinabeba sehemu ya mzigo, mara nyingi slabu yenyewe (tutafika huko).

Angalizo muhimu: soma thamani zote tatu kutoka mchanganyiko mmoja wa mizigo. Ukisoma kwenye mchoro unaokusanya vilele vya michanganyiko yote, momenti ya katikati inatoka hali moja na za mwisho zinatoka hali nyingine, na jumla yake haina maana yoyote.

Hatua ya 4: Mizigo

Kama jumla imezidi, anza na uzito wa vitu vyenyewe. Kwenye ETABS na SAP2000 kila aina ya mzigo ina kisanduku cha Self Weight Multiplier, kizidisho cha uzito wa muundo wenyewe. Kinatakiwa kiwe 1 kwenye mzigo mmoja tu wa kudumu, na 0 kwingine kote. Mtu anaunda aina ya pili ya mzigo wa kudumu kwa ajili ya vigae na plasta, anaacha 1 humo pia, na jengo zima linajibeba mara mbili. Njia ya pili ya kuingia kosa hilohilo ni kuandika 3.75 kN/m² ya slabu kwa mkono wakati programu tayari inaihesabu.

Tazama linavyofanya kwenye boriti yetu. Slabu ikihesabiwa mara mbili inaongeza 3.75 × 4 × 1.35 = 20.25 kN/m, na momenti inatoka 233 hadi 324 kNm. Kama pia boriti imeingizwa kama mstatili, K inafika 0.256. Programu itadai karibu mm² 1,960 chini na karibu 650 juu. Makosa mawili ya mipangilio yamebadilisha boriti ya nondo 4 za mm 20 kuwa boriti ya nondo 4 za mm 25 pamoja na nondo za mgandamizo, na hakuna hata kilo moja ya mzigo halisi iliyoongezeka kwenye jengo.

Kisha linganisha jumla ya kani za wima kwenye misingi na uzito wa jengo uliojumlisha mwenyewe, mzigo mmoja mmoja, bila vizidisho vya usalama. Tofauti ya asilimia chache inavumilika. Tofauti ya asilimia 20 inataka maelezo.

Vizio navyo vinaumiza watu. Ukiwa kwenye kN na mita, zege la 25 N/mm² linaandikwa 25,000. Mwenye kuandika 25 anapata boriti zote nyekundu, na angalau huyo analiona kosa lake. Kosa la moduli ya unyumbufu ni la kimya zaidi: kwa C25/30 ni takriban 31 GPa, yaani 31,000,000 kN/m². Ukiona boriti inabonyea mita mbili, au haibonyei kabisa, angalia hapo.

Mwisho wa hatua hii, fungua orodha ya michanganyiko iliyochaguliwa kwa usanifu. Michanganyiko ya matumizi ya kawaida isiwemo kwenye ukaguzi wa nguvu, na ile uliyoiunda mwenyewe isiwe imesahaulika nje.

Hatua ya 5: Mipangilio ya boriti na kanuni

Kwenye ETABS, boriti iliyochorwa kama mstatili inasanifiwa kama mstatili, hata kama slabu imekaa juu yake. Ukitaka msaada wa slabu lazima uiunde kama T. Kumbuka lakini kwamba msaada huo upo katikati ya boriti, ambako juu kunagandamizwa. Kwenye nguzo, ambako juu kunavutwa, rudi kwenye upana wa shina.

Kava ni mtego mwingine. Programu hiyohiyo inataka umbali hadi katikati ya nondo, si kava ya zege ambayo fundi anaipima kwa bisikuti, yaani vipande vidogo vya zege vinavyoinua nondo. Kwa boriti yetu ni 48, si 30. Ukiandika 30 unapata kina cha kazi kirefu kuliko kilichopo, na nondo pungufu. Kosa hili halileti wekundu, na ndiyo maana linanitia wasiwasi kuliko mengi yaliyo mekundu.

La namna hiyohiyo ni nguvu ya zege. C25/30 maana yake ni 25 kwa silinda na 30 kwa mche. Eurocode 2 na kanuni za Marekani zinatumia silinda, BS 8110 inatumia mche. Ukiweka 30 kwenye usanifu wa Eurocode kwa sababu maabara ya saiti inapima miche, umejipa asilimia 20 ya nguvu ambayo haipo.

Hakikisha pia kanuni iliyochaguliwa ndiyo unayoitumia. ETABS ikifunguliwa na mipangilio ya Marekani inakuja na ACI 318, kanuni ya zege ya Marekani, na fremu zote zinachukuliwa kuwa Sway Special, yaani fremu zilizofungwa mahususi kwa tetemeko kubwa. Katika hali hiyo mkato wa usanifu hautoki kwenye mizigo peke yake. Unatoka kwenye uwezo wa nondo za boriti kupinda, zikihesabiwa kwa mara 1.25 ya nguvu yake. Ukishangaa mkato ni mkubwa wakati mizigo ni midogo, angalia aina ya fremu. Uamuzi wa kuibadilisha usiufanye kwa kuikimbia nyekundu tu: ukanda wa Bonde la Ufa unatetemeka kweli, na Bukoba walilipata mwaka 2016 kwa tetemeko la ukubwa wa 5.9.

Hatua ya 6: Viungo

Amuru programu ionyeshe umbo lililobonyea, likuze, na lichezeshe. Boriti iliyoachia nguzo utaiona inapepea. Sababu kubwa ni mchoro ulioingizwa kutoka AutoCAD ambapo mstari wa boriti umeishia milimita 3 kabla ya nodi. Jicho halioni pengo hilo, hesabu inaliona. Unganisha nodi zilizo karibu kwa kiwango kidogo cha milimita, halafu chezesha tena.

Angalia pia boriti ulizozilegeza mwisho, yaani ulizoziruhusu kuzunguka kwenye maegemeo bila kubeba momenti. Boriti iliyolegezwa pande zote mbili inapeleka momenti yote katikati. Kama kweli imemwagwa pamoja na nguzo, utapata nondo nyingi chini, chache juu, na nyufa karibu na nguzo baada ya muda.

Hatua ya 7: Slabu imeingizwa vipi?

Ukiweka slabu kama Membrane, inagawa mzigo kwa boriti kulingana na eneo na haipindi yenyewe. Kipimo cha wL²/8 kinatoka safi. Ukiiweka kama Shell, inapinda pamoja na boriti na kubeba sehemu ya momenti, kwa hiyo momenti ya boriti inaonekana ndogo. Si kosa, mradi usisahau kuweka kwenye slabu nondo za momenti iliyoichukua. Kosa ni kusanifu boriti kwa momenti iliyopunguzwa, kisha kusanifu slabu kwa jedwali kana kwamba imekaa juu ya boriti ngumu. Hapo kuna momenti ambayo haikuwekewa nondo popote.

Ugumu unaongezeka boriti ikishushwa ili uso wake wa juu ulingane na slabu, na kushuka huko kukaingia kwenye ugumu wa modeli. Boriti inapata kani ya kuvutwa kwa urefu wake, na usanifu wa boriti kwenye programu za CSI (watengenezaji wa ETABS na SAP2000) hauihesabu kani hiyo. Unaangalia kupinda, mkato na msokoto. Ukiona kani kubwa ya urefu kwenye boriti ya sakafu, usikubali nondo zilizotolewa bila kuikagua mwenyewe.

Hatua ya 8: Msokoto

Hapa ndipo wekundu mwingi wa boriti za ukingo unapotoka, na ndipo panapohitaji busara zaidi. Kuna misokoto ya aina mbili.

Wa kwanza unatokea kwa sababu boriti ndogo imeingia ubavuni mwa boriti kubwa na kuizungusha inapobonyea. Boriti kubwa ikipasuka kidogo, inalegea, msokoto unapungua, na mzigo unapita njia nyingine bila madhara. Eurocode 2 inaruhusu msokoto huu usihesabiwe kwenye ukaguzi wa nguvu, mradi uweke nondo za chini kabisa za kudhibiti nyufa. Kwenye programu unapunguza ugumu wa msokoto wa boriti hadi sehemu ndogo, wengi huweka 0.1 au chini yake, na kurudia uchambuzi. Momenti ya boriti ndogo itaongezeka katikati, na ndivyo inavyopaswa.

Wa pili hauna njia nyingine ya kupita. Mfano ni boriti ya ukingo inayoshika kibaraza kilichoning'inia mita 1.5, na nyuma yake hakuna slabu, pengine kuna uwazi wa ngazi. Kwa slabu ya 150, vigae vya 1.5 kN/m² na mzigo wa matumizi wa 2.5, mzigo wa usanifu ni 10.8 kN/m². Kila mita ya kibaraza inaisokota boriti kwa 12.2 kNm, na kwenye boriti ya mita 6 kila mwisho unapokea karibu 37 kNm. Ukipunguza ugumu wa msokoto hapa, wekundu utaisha na kibaraza kitabaki bila kinachokishika. Boriti hii ifungwe ringi zilizozunguka kamili, nondo za ubavuni ziwekwe, na nguzo zake zikaguliwe kwa momenti hiyo.

Jiulize swali moja kabla ya kubadilisha namba: boriti hii ikiwa haina uwezo wowote wa kujisokota, je, muundo bado unasimama? Kama jibu ni hapana, msokoto ni wa kweli.

Hatua ya 9: Boriti fupi kati ya kuta

Boriti juu ya mlango wa lifti, kati ya kuta mbili za zege, inavuta mkato mkubwa kwa sababu kuta zinataka kutembea tofauti na yeye amekaa katikati. Tumia ugumu wa zege lililopasuka kwanza. ACI 318 inaweka 0.35 kwa boriti na 0.70 kwa nguzo, Eurocode 8, ya tetemeko, inachukua nusu. Urefu ukiwa chini ya mara 3 ya kina, Eurocode 2 haiihesabu tena kama boriti ya kawaida, kwa hiyo usitegemee sehemu ya programu inayosanifu boriti za kawaida.

Ikiwa boriti ni dhaifu kweli

Umepita hatua zote na hesabu ya mkono inakubaliana na programu. Sasa badilisha ukubwa, kwa kufuata aina ya tatizo. Kupinda na mbonyeo vinasaidiwa zaidi na kina. Mkato uliopita uwezo wa zege unasaidiwa sawa na upana, na upana haupunguzi kimo cha chumba. Zege la daraja la juu linasaidia mkato kuliko linavyosaidia kupinda. Kwa mbonyeo, linganisha urefu na kina cha kazi: Eurocode 2 inatoa 14 kwa boriti iliyokaa tu na yenye nondo nyingi za asilimia 1.5, na 20 kwa yenye asilimia 0.5. Ya kwetu ni 13.3, imo salama.

Kisha chora nondo ndani ya boriti kwa vipimo halisi kabla ya kutuma ramani saiti. Kati ya ringi za boriti ya mm 250 yenye kava ya 30 kuna mm 174. Nondo 4 za mm 20 zinaacha nafasi ya mm 31 kati yake, zege la kokoto za mm 20 linapita. Nondo 4 za mm 25 zinaacha mm 24.7, chini ya 25 inayotakiwa. Fundi nondo atazipanga mbili chini na mbili juu yake, kwa sababu hana namna. Kina cha kazi kitashuka hadi karibu mm 425, na nondo ulizozihesabu kwa 450 hazitatosha tena. Rudia hesabu kwa 425.